Paa Lisubiri Wageni

Machi 3

Naandika kwa sababu nisipoandika nitamtukana padri, na mama mkwe akisikia nimemtukana padri sitakaa tena katika nyumba hii. Basi daftari, beba wewe.

Muhula umeanza leo, na mvua nayo imeanza leo, kana kwamba walikaa kikao wakapanga. Darasa la pili, darasa langu, ndilo lenye paa bovu kuliko yote katika shule yetu ya parokia. Nikiwa ubaoni nikainua macho, naona mawingu yakipita juu ya vichwa vya watoto. Kutu imelitafuna paa lile mpaka limekuwa chujio.

Na mabati mapya yapo. Hilo ndilo linalonikaba. Yapo! Wakati wa Majilio jumuiya zote zilikubaliana kwamba Krismasi hii hakuna kupamba kanisa, hakuna sare mpya za kwaya. Mwenye uwezo alete bati, asiye na uwezo alete misumari. Wajane wakaleta. Fundi viatu wa pale getini, ambaye mwenyewe anaishi chumba cha kupanga, akaleta bati zima kalibeba kichwani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa paa. Akasema kazi ataifanya bure. Padri akayabariki mabati mbele ya altare, akayanyunyizia maji ya baraka, kisha akayafungia katika gereji ya nyumba ya mapadri na kuweka kufuli. Mpaka leo.

Baada ya masomo nimemfuata.

"Baba, mvua ndiyo hii. Tunaezeka lini?"

"Vuta subira, Mwalimu. Wageni wa parokia rafiki wanakuja kutoka ng'ambo mwisho wa mwezi. Wakikuta paa jipya, watatusaidia nini?"

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Machi 4

Mvua.

Machi 6

Nimepeleka ndoo za nyumbani shuleni. Mama mkwe amezunguka uani asubuhi yote akizitafuta, na nimekaa kimya kama sijui.

Machi 11

Sasa tuna namna yetu ya kukaa. Maandishi ya ubaoni yakianza kuchuruzika, safu ya dirishani inahamia katikati. Katikati kukianza kudondoka, wote tunabanana kwenye kona ya mlango, mimi nikifundisha kujumlisha nimembeba mmoja mgongoni. Kuna kamtoto tunakaita Kasuku kwa sababu hakanyamazi hata kakila. Leo kameuliza, "Mwalimu, kwa nini Mungu hanyeshei darasa la tano?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, kisha nikatoka nje nikasimama ukutani na hasira yangu.

Nimemwendea Sista Mkuu ofisini. Ndiye mwalimu mkuu wetu, amesoma ng'ambo miaka mingi, lugha za watu anazimudu, lakini tangu arudi sijawahi kumsikia akipinga jambo lolote. Nikamweleza. Akawa anapanga chaki kwenye boksi, moja moja.

"Baba ameshaamua," akasema.

"Sista, na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeweka nadhiri ya utii, Mwalimu."

"Watoto hawajaweka."

Akafunga boksi. Nimetoka humo nikijisemea kwamba yule ni mwoga, na kilemba chake kile cheupe kimewekwa juu ya kisiki.

Machi 15

Jua. Watoto wamekauka. Nimemwona hata mwizi wa mihogo wa bustani ya shule na nikamsalimia.

Machi 20

Jioni tumebishana na mama mkwe. Yeye ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa parokia, na kwake yeye padri akipiga chafya ni neno la Mungu.

"Mkwe wangu, una mdomo," akasema. "Baba anatupigania. Unajua hao wageni wakiguswa wanaweza kujenga nini? Ghorofa! Ameninong'oneza mwenyewe. Ghorofa la madarasa."

"Mama, wewe uliuza nini upate bati lako?"

Aliuza doti yake ya kitenge, ile aliyonunuliwa na marehemu baba mkwe na ambayo hajawahi kuivaa. Najua, maana mimi ndiye niliyempelekea kwa mnunuzi.

"Nilimpa Mungu," akasema hatimaye. "Nikishampa, haliko mikononi mwangu."

"Liko mikononi mwa kufuli."

Akaniambia nikaoshe vyombo, mimi mwalimu mzima. Nimeviosha kwa kelele.

Machi 27

Wageni hawaji. Safari imeahirishwa hadi baada ya Pasaka. Padri ametutangazia akitabasamu, kama mtu aliyeongezewa muda wa deni.

Aprili 2

Amekuja mkaguzi wa shule. Mtu mrefu, mkavu, viatu vimejaa tope. Amesimama katikati ya darasa langu, tone likamwangukia kwenye kipara, akatoa leso akajifuta, tone lingine likaanguka palepale. Kasuku akamwambia, "Sogea hapa, baba, hapo ni pa ndoo."

Hakucheka. Alitazama juu muda mrefu, akagusa nguzo ya ukuta wa nyuma kwa kidole, na kidole kikazama kwenye mbao. Nje akatuambia mimi na Sista Mkuu kwamba paa hili likifika mwisho wa Mei bila kubadilishwa, analifunga darasa, na watoto watagawanywa kwenye shule nyingine. Shule ya karibu ipo ng'ambo ya mto, na mto huu wakati wa mvua hata watu wazima wanauogopa. Nikamwambia hivyo.

"Basi tengenezeni paa," akasema. "Mnakosa mabati?"

Nikafungua mdomo. Sista Mkuu akanikanyaga mguu. Naapa, alinikanyaga! Nikaufunga.

Nimekuwa nikiumwa na mguu ule mpaka sasa, na si kwa sababu ya kukanyagwa.

Aprili 3

Nimemweleza Padri maneno ya mkaguzi. Nilitaka nimwone akitikisika. Badala yake akanikaribisha kiti, akanimiminia chai mwenyewe, na mimi nikaona soli za viatu vyake zimefunguka mbele kama midomo. Ukweli lazima niuandike hata kama unaniudhi: huyu si mwizi. Anakula anachokula mlinzi wake, na pikipiki yake huwashwa kwa kusukumwa.

Ukutani amebandika mchoro wa ghorofa. Una madirisha, ngazi, maktaba.

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni kuomba," akasema. "Seminarini hawakutuambia, lakini ndiyo kazi. Na nimejifunza jambo moja: anayesikia shida yako anakuombea, anayeiona anatoa. Nikiyaezeka yale mabati, nitapata paa moja. Wakiliona lile paa linavyovuja, nitapata shule."

"Na darasa likifungwa kabla hawajaliona?"

"Mungu hawezi kuruhusu."

"Mungu ameshatuma mabati, Baba. Yako gerejini."

Akaweka kikombe chini. Akaniambia nijihadhari na roho ya manung'uniko. Nilikunywa ile chai yote, maana sukari ilikuwa nyingi na nyumbani imekwisha, kisha nikaondoka nimevimba.

Aprili 8

Kasuku hayupo darasani.

Aprili 9

Kasuku hayupo.

Aprili 11

Nimekwenda kwao. Mama yake ni mshona nguo, cherehani iko mlangoni ili mwanga umfikie. Nilipiga hodi, akaniambia nipite bila kuinua uso. Mtoto amelazwa zahanati, nimonia. Alirudi kutoka shuleni siku ile ya mvua kubwa amelowa mpaka chupi, usiku homa ikapanda.

Nikaanza pole, pole sana, tunamwombea. Akasimamisha cherehani.

"Mwalimu, ni kweli mabati yapo?"

Nikainamisha uso. Yeye ndiye aliyenijibu.

"Kumbe ni kweli. Mimi nilitoa misumari. Nilishona sketi tatu za watu nikanunua misumari. Nikajua mwanangu atakaa pakavu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ningependa ingepanda. "Sasa mnamweka mwanangu kwenye maji ili apigwe picha? Akipona harudi kwenu. Mwambie Baba hivyo. Tena mwambie ni mimi nimesema."

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikizungumza peke yangu, watu wakinipisha. Mimi ndiye ninayemkalisha yule mtoto pale kila siku. Padri ana kufuli, lakini mimi ndiye ninayesema "kaeni chini". Hilo nimeligundua leo, na nimejichukia.

Jumapili ya Pasaka

Mahubiri yalikuwa juu ya jiwe kuondolewa kaburini. Nimekaa nikiwazia mlango wa gereji.

Aprili 21

Kasuku katoka zahanati. Yuko nyumbani kwao, haji shule. Wazazi wengine wawili nao wamehamisha watoto wao.

Wageni wameahirisha tena. Watakuja Mei, Alhamisi ya kwanza. Padri amesema safari hii ni hakika, na ameagiza darasa langu lijifunze wimbo wa kuwakaribisha. Kila siku kabla ya chakula cha mchana tunahamia kanisani kuimba "Karibuni, karibuni wafadhili wetu". Nawafundisha hivyohivyo, meno nimeyauma.

Aprili 28

Leo paa limeanguka.

Tulikuwa kanisani, tunaimba. Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri. Tukasikia kishindo, si kikubwa, kama lori linalomwaga kokoto, nikajua palepale. Nikawaambia watoto asitoke hata mmoja, nikakimbia.

Kenchi mbili za nyuma, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimekatika na kuangukia madawati ya safu ya nyuma. Dawati moja limepasuka katikati. Bati lenye kutu limesimama wima kwenye kiti cha Kasuku, limekichoma. Ule mpira wake wa kufutia, anaoutafunatafuna, ulikuwa bado uko palepale juu ya dawati.

Nilikaa chini kwenye maji.

Padri akaja mbio, kanzu ameikunja mkononi. Akatazama. Akapiga ishara ya msalaba, machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, kisha akaniambia, "Unaona, Mwalimu? Ule wimbo wa wageni ndio uliowaokoa watoto. Unaona Mungu alivyo mwema?"

Mimi sina kumbukumbu nzuri ya nilichosema. Mlinzi anadai nilisema, "Toka mbele yangu." Anadai nilisema mara nyingi. Sista Mkuu alikuwa nyuma yake amesimama na mwavuli haujafunguliwa, analowa, anakitazama kile kiti. Safari hii hata mimi sikumtaka aseme neno.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshasikia. Alinivua sweta lililolowa kama ananivua mtoto, akanipa chai. Nilitegemea aniambie vuta subira.

"Na mabati?" akauliza.

"Baba amesema sasa ndiyo kabisa yasiguswe. Picha itakuwa nzuri zaidi."

Alikaa nami mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akainuka kwenda kulala bila kusali rozari, na katika nyumba hii jambo hilo sijawahi kuliona.

Mei 2, Jumapili

Naandika haya mikono ikiwa na kutu.

Misa ya kwanza, wakati wa matangazo. Padri ametangaza ujio wa wageni Alhamisi. Akaongeza kwamba siku hiyo watoto wa darasa la pili waje bila sweta na bila viatu. "Waje kwa unyenyekevu," alisema.

Mama mkwe akasimama. Si mkutano, ni misa, na yeye ndiye huwafinya wanaonong'ona. Akatembea katikati ya kanisa na kile kitambaa chake cha umoja wa wanawake begani, mpaka mbele ya altare. Akanyoosha kiganja.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele na milele, amina. Mama, kuna nini?"

"Naomba ufunguo."

Wa viti vya nyuma wakasimama ili waone.

"Mama, tutaongea baada ya misa. Zimebaki siku chache tu."

"Tulikupa mabati ufunike watoto, Baba. Hatukukupa uyafiche kama aibu. Mimi ni mzee, magoti yananiuma, sitaki kusimama sana hapa. Naomba ufunguo."

Padri akatoa baraka ya mwisho haraka, akaingia sakristia, akajifungia.

Mama akageuka kwetu, kiganja bado kimenyooka. "Fundi yuko wapi?" Shemeji akainuka kutoka viti vya nyuma. "Mwanangu, kufuli ni mali ya kanisa, usilivunje. Bawaba je, unaweza kuzifungua?"

"Mama, bawaba ni parafujo tu."

Kufuli halikuguswa. Liko mpaka sasa limefungwa vizuri, linaning'inia kwenye mlango uliolazwa kwenye majani. Wanawake walibeba mabati, wanaume wakapanda na mbao za shemeji. Fundi viatu akawa anang'oa misumari ya zamani kwa nyundo yake ndogo ya viatu. Mama mkwe alikaa kwenye dawati langu akituamrisha. Mtu akauliza kama si dhambi kufanya kazi Jumapili. Akamjibu, "Nitaungama. Wewe shika ngazi."

Bati la mwisho lilipigiliwa jua likiwa linazama. Punde mvua ikaja. Tukaingia wote ndani, tukasimama tukiisikiliza, na hakuna hata tone moja lililotugusa. Nimelia kwa hasira. Kazi ya jioni moja! Nimonia ile yote, kumbe ilikuwa kazi ya jioni moja.

Mei 6, Alhamisi

Wageni ni wazee watatu. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia, ila nilishindwa kuwachukia vizuri. Mkubwa wao ni bibi mmoja mnene mwenye magoti mabovu kama mama mkwe. Wao huoka mikate na kuiuza nje ya kanisa lao kila baada ya misa, miaka nenda rudi, kwa ajili yetu.

Watoto walivaa sweta na viatu. Nilisimama mlangoni kuhakikisha.

Padri alikuwa mkalimani. Kisha akanikaribisha nitoe neno la shukrani kwa niaba ya walimu. Alinikonyeza nisiharibu. Nikasimama.

Nikasema tunawakaribisha. Nikasema paa hili mnaloliona tulilinunua wenyewe wakati wa Majilio. Nikasema lilifungiwa gerejini msimu wote wa mvua ili ninyi mkute la zamani linavuja, na mtoto mmoja akaugua nimonia, na kama si bahati, wengine wangekufa.

Padri akatafsiri. Ilikuwa fupi. Wazee wakapiga makofi, na yule bibi akajifuta machozi, akaweka mkono moyoni kunishukuru.

Nikaelewa. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kama vile sauti kubwa ni lugha yao. Padri akatafsiri tena, akitabasamu, tena kwa kifupi. Makofi.

Hapo Sista Mkuu akainuka kwenye kiti chake cha pembeni. Akaanza kuongea nao kwa lugha yao, polepole, bila kumtazama Padri. Padri akasema, "Sista." Akaendelea. "Sista, nakuamuru." Akaendelea. Akaonesha paa. Akaonesha lile dawati lililopasuka, ambalo hatujalitoa. Akaonesha mahali pa Kasuku.

Makofi hayakuwepo. Bibi wa mikate akajibu, na Sista Mkuu akatugeuzia Kiswahili:

"Anasema mwezi wa kwanza walimwambia Baba wako tayari kutuma mabati. Baba akawaambia wasitume chochote, waje kwanza waone. Wao wakasema, tuje kuona nini? Hata kwetu mvua inanyesha."

Na kuahirisha? Hawakuahirisha. Padri ndiye aliyewaomba wasogeze safari, mara mbili, mvua ikolee.

Mama mkwe aliinuka, akatoka nje bila kuaga. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile na yale magoti.

Padri alinikuta karibu na bomba baadaye. "Umenivua nguo mbele ya watu, Mwalimu."

"Ulizivua mwenyewe, Baba, ili upigwe picha."

Mei 14

Mkaguzi amekuja. Ametazama juu, amegonga mbao mpya, ameandika, ameondoka. Darasa halifungwi.

Mei 17

Kasuku amerudi. Mama yake alimleta mpaka mlangoni, akaingia, akatazama kila pembe ya paa bila kunisalimia. Kisha akaniambia, "Ni kwa sababu ya yule sista," akaenda zake. Kasuku ameongea siku nzima, sikumnyamazisha.

Mei 24

Sista Mkuu amehamishwa. Barua ya shirika lake imekuja jana, anaondoka kesho. Hawakusema sababu, na hakuna anayeihitaji. Padri yupo palepale alipo.

Nimemkuta anafunga sanduku dogo. Nilikuwa na maneno mengi, niliyapanga njiani: kwamba nilimwita mwoga humu kwenye daftari, kwamba nilikosea. Nikashindwa, nikaanza kumkunjia nguo.

"Siku ile nilikukanyaga mguu," akasema. "Ulitaka kusema kweli mbele ya mkaguzi na mimi nikakuzuia. Nilihesabu kwamba nikinyamaza nitabaki hapa, na nikibaki nitawasaidia."

"Na sasa huwezi kubaki."

"Sasa naweza kulala," akasema. Tukaendelea kukunja.

Mei 28

Padri ameniita. Chai, sukari nyingi. Alinisalimia vizuri, kama hapakutokea lolote. Anataka nikaimu ukuu wa shule mpaka apatikane sista mwingine. Nikamwangalia nisiamini. Akasema mimi ni jasiri, shule inahitaji mtu jasiri, yaliyopita tuyaache.

Nilikuwa karibu kuguswa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme asante.

"Ila jambo dogo," akasema. "Lile jiko la shule, ule ukuta uliopasuka kwa moto. Msilitengeneze kwanza. Kuna watu wengine wanakuja Septemba."

Nikamwambia nakubali ukuu. Akafurahi, akanipa mkono. Nikatoka, na kabla sijafika getini nikampigia shemeji simu. Nimemwambia kesho aje na saruji, aje mchana watu wakiona, na aingilie lango kubwa.